Siyo Kabala Aliyekuachia Kikapu Kile

Nabintu wangu,

Usicheke mwandiko wangu. Unajua mimi masomo niliyaacha mapema, na ni wewe uliyekuwa unaniandikia barua zote za kwetu kisiwani Idjwi. Sasa umeniacha niandike mwenyewe. Nimekaa nyuma ya nyumba, nguo zinakauka kwenye kamba, na nimesali rozari nzima kabla ya kushika kalamu, maana niliogopa kuanza.

Watu wananiambia bwana yako, Papa Cirhuza, kila akitoka misa anapita kwenye kaburi lako na kukuambia kwamba mimi, Nsimire, nilikusaliti. Anasema analia akikuambia hivyo. Simkatazi kulia. Lakini mimi pia nina mdomo, na tuliuza sambaza, visamaki vya ziwa letu, kwenye meza moja tangu tukiwa wasichana. Nisikilize na mimi kidogo.

Asubuhi ile, Kabala, mbeba mizigo wetu, alituletea kikapu chetu kutoka kwenye mashua kama kawaida yake. Alikibeba mgongoni, kamba kwenye paji la uso, akakisukuma chini ya meza akaenda kuchukua mizigo ya wengine. Wewe ulikuwa umemchokoza, ukimuuliza kama kule kwao Bunyakiri wanawake wanapika kweli, mbona amekonda hivi. Akajibu, "Maman Nabintu, nimekonda juu ya kubeba samaki zenu, hata siku moja hamujanipa moja nikule." Tulicheka. Hayo ndiyo Kabala aliyofanya siku ile, na hakufanya kingine.

Yule mwingine alikuja baadaye. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Kikapu chake kilifunikwa majani ya migomba, kama vikapu vyote. Akakuambia, "Maman, hizi sambaza zako ziko zinaniangalia mubaya." Na wewe, mdomo wako usiokosa jibu, ukasema, "Ziko zinakuangalia juu haujanunua!" Alicheka, Nabintu. Alicheka na wewe kwa meno yote. Kisha akasema, "Unichungieko hii kikapo, niko naenda kuvunja noti nipate makuta, narudi sasa hivi." Ukamwambia aweke chini ya meza.

Nani angekataa? Pale sokoni mtu akisema unichungie, haumuulizi kwao ni wapi wala ndani kuna nini. Tulichungiana vikapu, tulichungiana watoto, mara nyingine tulichungia watu ambao hawakurudi mpaka jioni, tukawatukana na bado tukachunga. Ndiyo soko. Yule mtu alilijua hilo. Alichukua wema wetu akauwekea moto ndani.

Ulinituma kununua chumvi. Nilikuwa nimefika kwa muuza chumvi, mkono wangu umeshanyoosha kibakuli, na ndipo dunia ikapasuka. Sitakuandikia nilichokiona niliporudi. Wewe ulikuwepo. Nakuambia tu kwamba nilikufunika kwa kitenge changu, kile cha maua ya njano ulichokuwa unakitamani, na kiko na wewe mpaka sasa. Usikirudishe.

Sasa nikusimulie ya nyuma yako.

Hospitalini hakukuwa na bendeji. Wanawake wa mtaa wa Cimpunda walivua vitenge vya juu, wakavipasua pale pale mlangoni, na manesi wakafunga vidonda navyo. Hakuna aliyewaamuru. Wengine walileta uji, wengine walibeba maji kutoka kwenye bomba la chini. Nilifikiri, basi, wakubwa wakifika wataona tunachokosa. Walifika kweli. Walifika na radio, wakapita kitanda kwa kitanda wakiuliza watu majina yao, na walipoondoka tuliendelea kupasua vitenge.

Siku ya kuwazika ninyi wote, walituletea wachezaji wa Chama. Nakuambia kweli. Wale wasichana wa sare za kijani wanaoimbia viongozi, walicheza mbele ya majeneza. Bibi mmoja aliyepoteza mjukuu akaanza kulia kwa sauti, na mtu wa sherehe akamfuata akamwambia kwa lile neno lao la kumuita raia, "Citoyenne, ungojeko kwanza, radio iko inakamata discours." Bibi akanyamaza. Akakaa ameziba mdomo kwa mikono mpaka hotuba ikaisha. Hotuba ilikuwa ndefu. Ilisema taifa liko imara. Sikusikia jina lako hata mara moja.

Halafu masoda, askari wa serikali, walishuka. Walisema waasi wa msituni wametuma bomu kutoka upande wa Bunyakiri, na wana watu wao humu mjini. Walisema hivyo kabla ya kuuliza mtu yeyote wa soko ameona nini. Vijana wa Cimpunda walitolewa nyumbani, wakapigwa, wengine wakarudi baada ya wazazi kutoa kitu, wengine nyumba zao bado zinangoja. Na sisi raia hatukuwa bora, nisidanganye mbele ya Mungu. Kioski ya yule mama anayeuza mafuta, ambaye ndugu zake wako Bunyakiri, waliichoma majirani zake. Siyo soda aliyeichoma. Watu tunaosali nao kwenye shirika letu la kanisa, watu wanaokamatana mikono kwenye Baba Yetu.

Kabala walimkamata bandarini. Alikuwa wa Bunyakiri, alionekana akiweka kikapu chini ya meza yetu, na mlipuko ulipotokea alikimbia. Nani hakukimbia? Lakini wakasema mwenye kukimbia anajijua.

Mimi nilienda mwenyewe kwenye ofisi yao. Nilivaa nguo za misa. Nikasema, mimi niko shahidi, vikapu vilikuwa viwili, na aliyeleta cha pili nilimuona sura. Yule aliyekaa mezani alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua. Hakuandika. Akaniambia nitaitwa.

Na kweli waliniita. Waliniita mbele ya mji mzima, kwenye uwanja wa mpira, siku ambayo watu wangekuwa kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya serikali. Badala ya kufagia barabara tukaambiwa tuje kulaani maadui. Walinipandisha jukwaani pamoja na bwana yako, sisi tukiwa watu wako. Kisha wakamleta Kabala.

Nabintu, sikumtambua mara moja. Uso ulikuwa umevimba, na mkono mmoja ulining'inia kama siyo wake. Komanda akachukua mikro akasema, "Citoyenne Nsimire alikuwa pale na macho yake. Citoyenne, onyesha batu mwenye kuua rafiki yako." Uwanja ukapiga kelele. Nilisikia sauti za watu ninaowajua. "Mutupatie yeye! Mutupatie!" Wengine walikuwa na mawe tayari mikononi, watu waliokuja na rozari shingoni.

Papa Cirhuza alinisogelea sikioni. Hakuwa na hasira wakati ule. Alikuwa anaomba. "Nsimire, sema tu. Sema neno moja, roho yangu itulie. Nabintu iko anakungojea."

Najua kilichokuwa ndani yangu. Nilitaka kusema. Nilitaka mtu alipe, na mtu alikuwa pale, karibu, amefungwa tayari. Ningenyoosha kidole tu, na jioni ile bwana yako angelala usingizi, na mimi ningekuwa rafiki yako mbele ya macho ya Bukavu yote. Nilimuangalia Kabala, naye hakuniangalia. Alikuwa anaangalia miguu yangu. Nilisema Salamu Maria kimoyomoyo na sikuimaliza.

Nikasema, "Haiko yeye. Huyu alituletea kikapo yetu ya sambaza. Kikapo ingine aliileta mutu mwingine, na ule mutu namujua sura. Nilikuja kuwaambia, hamukuandika."

Komanda alifunika mikro kwa mkono. "Maman, uchungu imekuvuruga kichwa."

Nikamwambia, "Uchungu niko nayo, papa. Macho niko nayo pia."

Wakanishusha. Jiwe moja lilinipata begani, sijui lilikuwa langu au la Kabala. Mwanamke mmoja alinitemea mate kwenye kitenge. Kabala walimrudisha ndani ya gari, na sikujua kama nimemuokoa au nimemuulia mbali na macho yangu. Papa Cirhuza alinipita tu, na tangu siku ile hajaniita jina.

Siku ya kuvunja matanga yako nilikuja na maharagwe, na kuni, na nguo nyeusi, kama dada. Bwana yako alisimama mlangoni, akasema wanaolilia waasi waende wakalie msituni. Sikubishana naye kwenye kilio chako. Nilikaa nje ya ua, chini, nyuma ya michongoma, nikawasikia wanawake wakinyolewa ndani, wakitaja jina lako. Nilivua kilemba changu nikajinyoa mwenyewe kwa wembe niliouleta. Nilijikata. Bado kuna kovu.

Basi muzee mama yako akatoka. Unamjua, hatembei vizuri, lakini alitoka na kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akakaa chini karibu yangu kwenye vumbi. Watu wakamuita arudi. Akajibu bila kugeuka, "Muniache. Niko na mutoto wangu mwingine hapa." Tukanywa wote wawili. Baadaye akaniambia kwa sauti ya chini, "Kama ungewapatia ule kijana, kesho mama yake angenyolewa, na mimi ningefanya nini na ile nywele yake? Nabintu angefufuka?" Niliweka kichwa changu cha damu kwenye mapaja yake.

Kabala aliachiliwa. Sifikiri ni kwa ajili ya maneno yangu. Mimi na mke wake tulimpelekea chakula, tukangoja kwenye mlango wa camp ya masoda tukifukuzwa kama kuku, halafu siku moja wakamsukuma nje bila karatasi, bila kumuomba msamaha. Mkono haukupona. Hawezi kubeba tena. Kabla ya kupanda lori kurudi kwao alikuja kwangu jioni mapema, akasimama nje, akasema, "Maman Nsimire, nilitaka kwenda kumulilia Maman Nabintu, lakini naogopa bwana yake." Nikamwambia alilie pale pale, tutalia pamoja. Alilia. Mke wake alisimama na mizigo kichwani akitungoja.

Hapa mjini wanasema serikali imefanya kazi. Kuna barrière za kufunga barabara kila kona, na soda akikusimamisha anakuuliza karatasi kwa mdomo huku mkono unauliza kitu kingine. Sokoni wanachoma vikapu vyetu kwa fimbo za chuma kutafuta mabomu, sambaza zinavunjika vunjika, na baada ya kuchoma wanajipimia sahani wakapike. Ungewatukana hao mpaka wangetupa fimbo. Mimi nanyamaza, sina mdomo wako.

Najiuliza sana, Nabintu, nikiwa peke yangu kwenye meza. Mimi siyo mtu wa kusoma, lakini kama wangeniuliza ni nini wangetufanyia, ningesema hivi. Wangeleta bendeji kabla ya wachezaji. Wangetuacha tulie. Wangekaa chini na kila mwanamke wa soko, polepole, wakaandika alichoona, na wangemtafuta mtu mmoja yule, siyo kabila lake, siyo barabara aliyotokea. Na sisi, tungelinda kioski ya jirani yetu vile vile kama tulivyopasua vitenge. Mbona vitenge tulijua kupasua bila kuamriwa? Nilimuuliza padri wetu hivyo. Akasema hata yeye siku ile ya uwanja alikuwa nyumbani amefunga mlango. Nilimshukuru kwa kusema kweli.

Sura ya yule mtu ninayo. Wengine wote waliomuona karibu walikufa pamoja na wewe, kwa hiyo ninaibeba peke yangu. Nikifunga macho baada ya komunyo, iko. Meno yale, na shati lile. Hakuna mtu wa ofisi aliyekuja kuniuliza mpaka leo. Wao walishamaliza, waliimba, walifunga faili.

Mimi langu sijalifunga. Nitamtafuta kila siku nitakayoishi, kwenye mashua, kwenye lori, hata kwenye benchi la kanisa. Na nikimuona, nitamshika shati nitapiga kelele mpaka mji uje. Watu wakija na mawe, nitasimama mbele yake. Siyo kwa kumpenda. Simpendi, sijafika hapo, Mungu mwenyewe anaona na ananingoja. Nitasimama ili afike kwa hakimu akiwa na mdomo, aseme ni nani alimtuma kwako, na kwa nini alicheka. Pale nitanyoosha kidole, na bwana yako akiwa tayari, atasimama karibu yangu. Mpaka siku hiyo sitamnyooshea mtu mwingine yeyote, hata waniite msaliti kwenye kaburi lako kila Jumapili.

Lala, dada yangu. Jifunike vizuri na kitenge changu.

Nsimire wako