Maombi ya Mrembo wa Filamu

Alhamisi

Leo nimejiaibisha. Yule mrembo wa filamu ya zamani analia kwamba kuna mtu anataka kumuua, na watu wanamwangalia nywele tu. Hata binti yangu juzi tukiiangalia: "Mum, cheki hiyo gauni!" Mimi niliona vile huyo mrembo alimwaga chai akiimimina. Uoga ule ulikuwa wa kweli.

Basi kwa maombi ya kina mama nikamtaja. Tukamlilia Mungu mpaka Mama Mwende akauliza, "Anaishi ploti gani, twende tumtoe?"

Ikabidi niseme ni filamu.

"Sawa," akasema Mama Mwende. "Jumapili tunakuja kwako tuiangalie, tuone kama Mungu amejibu."

Sasa nina wasiwasi. Mwisho naujua. Anakufa.