Chakula cha Mama Nilichokikataa

S.L.P. 9,
Itigi.
14 Machi, 1975

Mpendwa wifi yangu Teodosia,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Fabiano na watoto wote hapo Tanga. Je, kile kikohozi chako cha mwaka jana kimekuacha? Sisi huku tunaendelea. Mvua imetosha, mtama umebeba vizuri, na Laurian bado yuko njiani na genge lake la reli, tunamwona Jumamosi tu.

Barua yako imefika. Nimeisoma peke yangu mara tatu. Unasema umesikia watu wa hapa wanasema mama yako mzazi ni mchawi, na kwamba Pasaka unamtuma Fabiano aje kumchukua. Wifi, uliyoyasikia ni kweli. Lakini hujaambiwa yalianzia wapi. Yalianzia kwangu, ndiyo maana ninaandika.

Unakumbuka niliporudi kutoka Nairobi na goti la chuma. Yule daktari mgeni aliniweka kitako akaniambia mambo mawili. La kwanza, nisiulaze mguu, niutembeze kila siku pamoja na wenzangu, maana peke yangu nitachoka na kuacha. La pili, nipungue. Nilikuwa na kilo tisini na saba. Alisema nikibaki na mwili ule chuma kitalegea, naye anarudi kwao, hatakuwapo mtu wa kukiweka tena.

La kwanza sikuona aibu nalo. Bibi Maendeleo wetu ana kundi la akina mama. Mara tatu kwa wiki, alfajiri, wanakwenda mchakamchaka kutoka ofisini hadi shamba la kijiji, majembe mabegani, wakifika wanafanya viungo, kisha wanalima. Nilianza mwezi wa kumi kwa fimbo. Wenzangu walikuwa wameshatua majembe na kupumzika ndipo mimi nafika. Mama Simoni, kiongozi wetu, alikataa nirudishwe nyumbani. Akasema nihesabu kwa sauti wenzangu wakinyoosha mikono, nami nikahesabu, machozi yakinitoka kwa maumivu. Sasa fimbo nimeiacha. Kukimbia siwezi wala sitaweza, lakini natembea nao mwendo mzima, na wimbo naitikia.

Kila mwisho wa mwezi nakwenda stesheni kujipima kwenye mizani ya mizigo. Karani wa pale, Idrissa, haachi utani wake, huniuliza anibandike karatasi ya kwenda wapi. Mwezi uliopita nilikuwa na themanini na moja.

La pili ndilo lililonishinda kulisema. Wewe ni mtoto wa nyumba hii, unajua mgonjwa anavyotunzwa kwetu. Mama aliniandalia kama mzazi aliyejifungua. Uji wa mtama wenye maziwa asubuhi, samli juu yake imesimama, jioni ugali na mlenda na samli tena. Kwa umri wake, na macho yale mekundu kwa moshi, alikuwa akiinama jikoni kwa ajili yangu mimi mkwe wake. Ningemwambiaje kwamba mzungu amekataza? Na watu wangesemaje wakiona mke wa Laurian anajikondesha kwa kusudi? Wangesema mume wangu hanilishi, au nina ugonjwa wa kufa. Nikaona heri ninyamaze.

Basi nikawa napokea, nashukuru, halafu nampitishia jirani yangu Esta bakuli kwenye ua. Esta ana watoto watano. Siku moja akaniuliza mbona sili. Nikamjibu, chakula cha Mama siwezi kukila. Ndivyo nilivyosema, wifi, hivyo hivyo, nikageuka nikaenda zangu. Sikueleza.

Mwezi wa kwanza mtoto wake mdogo akaharisha, karibu wampoteze. Watoto wengi waliharisha msimu ule, maji ya bwawa yalikuwa machafu, mganga wa zahanati alisema. Lakini Esta alikuwa na neno langu moyoni. Akajumlisha goti langu, na mwili wangu unaokwisha, na bakuli, na mtoto. Unajua pia kwamba tangu wengine wahamishiwe kijijini kwetu mwaka jana tunakaa na watu tusiojuana. Mtu asiyemjua Mama anaona kikongwe mwenye macho mekundu tu.

Mimi nilikuwa wa mwisho kujua. Niliona tu Mama anarudi kisimani mapema, ndoo haijajaa, kwa sababu wakifika wengine yeye anaondoka. Nikaona hapiki tena mpaka aulizwe. Halafu asubuhi moja tukakuta ungo mkuukuu umeegemezwa mlangoni kwake. Huhitaji kuelezwa ungo una maana gani kwa bibi kizee. Mama aliutazama, akachukua ufagio, akafagia uwanja wote akiuzunguka, asiuguse. Hakuniuliza kitu. Nilitamani aniulize.

Siku ile nilikwenda kwa Esta nikamweleza yote, daktari na kilo na aibu yangu. Alinisikiliza. Kisha akasema nimetumwa kumtetea Mama. Nikamwelewa, maana mtoto ni wake.

Kwa hiyo Ijumaa iliyopita nilimwomba Mama anipikie uji kama ule wa zamani, na aje nao mwenyewe shambani. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akapika. Tulipomaliza viungo nilisimama mbele ya kundi zima, nikawaambia nililoficha, kwamba sijarogwa, najipunguza kwa amri ya daktari, na kwamba kwa kuona haya nimemvunjia mama yangu heshima. Nikachukua bakuli mkononi mwake. Nikanywa mpaka chini, samli na yote, nikafuta bakuli kwa kidole. Halafu nikamwomba aniongeze.

Mama Simoni akaja akanyoosha mkono, akanywa. Wakafuata wengine, naona kumi na wawili au kumi na watatu. Wengine walitazama chini. Esta aliweka jembe lake begani akaenda kulima. Sikudanganyi, wifi, jambo halijaisha. Ila Jumatatu Mama alikaa kisimani mpaka ndoo ikajaa, na wawili walimwamkia.

Ndiyo maana nakuomba, kwa magoti yote mawili ingawa moja halikunjiki, usimtume Fabiano Pasaka hii. Akiondoka sasa watasema amekimbia, na jina hilo litabaki hapa na kaburi la baba yenu, na watoto wangu watalirithi. Nipe mpaka mavuno. Kila siku ya kundi atakuja na uji wake, nami nitakunywa mbele yao, kibakuli kidogo, tumekubaliana kipimo. Mizani nitapambana nayo kwa miguu. Kama ukinichukia baada ya kusoma haya, sitakulaumu.

Nilimsomea Mama barua yako, nikamwambia achague mwenyewe. Kisha akasema nikuandikie hivi: “Mwambie mwanangu nimemsikia. Lakini sikumla mtu. Nikimbie nini?”

Msalimie shemeji Fabiano, na watoto wote kwa majina yao. Laurian anakusalimu, na Mama anauliza kama bado unaweka kitambaa kifuani wakati wa baridi. Mungu awalinde huko mliko, nasi atutunzie yule tuliye naye.

Mimi wifi yako, ninayekupenda na kukuomba radhi,

Redempta