Fumua, Anza Tena

Jumatatu, 3 Machi 1997
Wiki ya tatu barazani kwa Mzee Gaspard, fundi wa nguo, na bado sijashona kitu cha mtu. Ananitolea tambara guniani. Nalifumua hadi libaki vipande, naviunga upya kwa mashine. Anapitisha kidole kwenye mshono, hata haangalii. "Fumua. Anza tena." Vidole vinauma. Nyuzi zilizofumuliwa tunawashia makaa ya pasi, maana kwa huyu mzee hakitupwi kitu. Nilimwambia mama sirudi. Akasema vita vilitutoa Bukavu na mikono mitupu, basi hiyo mikono ijifunze kazi.

Jumatano, 5 Machi
Maman Verena ameshuka tena kutoka Mururu kuuza maharagwe. Kila akija soko la hapa Kamembe lazima apite barazani kwetu. Mwanawe Emmanuel alipotea wakati wa mauaji ya mwaka tisini na nne, akiwa na miaka kumi na tisa. Maman Verena anaamini alivuka mto wa mpakani akaingia Bukavu. Kila aliyetoka huko anamuuliza, na leo ilikuwa zamu yangu tena.
"Kijana murefu, meno ya mbele yameachana. Haukumuona hata siku moja?"
Nilichoka na yale macho. Nikasema labda, kule Bukavu, sokoni Kadutu, mmoja kama huyo. Akanishika mikono yote miwili.
Mjinga mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Maman Verena kaniletea maparachichi. Anaimba njia nzima. Mzee, aliyenisikia juzi, hakula hata moja.

Jumanne, 18 Machi
Mzee alichelewa. Nilikuta kifurushi cha kitenge kwenye kiti chake. Ndani, suruali moja, rangi imekwisha, inanuka sabuni na udongo. Nikasema hili ndilo tambara la leo. Nilifumua yote bila kuchana kitambaa, nikajisifu. Kiunoni, kwa ndani, kulikuwa na mishono miwili ya uzi wa njano, migumu kuliko suruali yenyewe. Nikaikata. Nyuzi zote zikaenda kwenye pasi. Mzee alipokuja tulikuwa na kazi nyingi, vipande akaviona jioni. Akauliza vimetoka wapi. Nilipomjibu aliketi.

Jumatano, 19 Machi
Ile suruali ilitoka shimoni. Wiki iliyopita watu wanaotafuta ndugu zao waliouawa walichimba chini ya migomba huko Mururu wakakuta mifupa ya watu wengi. Maman Verena alichukua suruali, akaifua mwenyewe, akaiacha kwenye kiti alfajiri ili Mzee aitazame, aseme ni ya nani. Watu wengi humletea nguo za namna hiyo. Mimi sikujua. Kila familia aliyoishonea ina rangi yake ya uzi, mishono miwili kiunoni, nguo zisichanganyike wakati wa kupiga pasi. Ndivyo anavyofanya tangu ujana wake. Anasema rangi nyingi sasa hazina wenyewe.
"Mu kiuno ulikuta nini?"
Niliinama nikaanza kuokota vipande. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Alhamisi, 20 Machi
Kesho Maman Verena anakuja kuchukua jibu. Njano ni rangi ya kwao, Mzee amenitajia, lakini ule uzi niliuona mimi peke yangu, na sasa ni majivu. Naweza kusema hapakuwa na kitu. Hakuna atakayejua. Ila mifupa ya Emmanuel itazikwa na ya wengine bila jina, na mama yake ataendelea kumuuliza kila anayevuka mpaka, kwa sababu ya uongo wangu wa Kadutu.
Nikisema kweli, namuua Emmanuel kwa mdomo wangu.
Naogopa. Sikula.

Ijumaa, 21 Machi
Alikuja bila maharagwe. Niliongea kabla Mzee hajafungua kinywa, maana ningengoja ningekimbia.
"Maman, ni miye niliifumua. Sikujua. Mu kiuno kulikuwa uzi ya njano. Mbili."
Mzee aliinamisha kichwa. "Njano ni ya kwako tu, Verena. Sikuipatiaka muntu mwingine."
Hakulia. Aliniangalia mimi.
"Na ule wa Kadutu?"
"Nilikudanganya, Maman."
Akafungua kitambaa cha kichwa, akaketi sakafuni katikati ya vitambaa vyetu. Mvua ilikuja, ikanyesha, ikaisha. Alikuwa bado pale. Alipoinuka alisema tu kwamba nguo ya mtoto wake haiwezi kwenda kaburini vipande vipande. Nilijichukia leo kuliko siku zote.

Jumamosi, 22 Machi
Asubuhi Mzee aliniwekea vile vipande mezani. "Shona."
Nilidhani atashona yeye. Nikasema sijui vizuri. Akasema aliyefumua ndiye anashona, akaenda kukaa nje. Kitambaa kimeoza magotini, mashine inakitafuna, ikabidi sehemu hizo nitumie mkono. Nilijichoma mara nne. Mchana akaniletea uzi wa njano. Mishono miwili, kiunoni, kwa ndani.

Jumapili, 23 Machi
Tumemzika Emmanuel huko Mururu, kwenye mteremko ulio juu ya nyumba yao. Watu wachache. Mama yangu alikuja pia.
Kabla ya sanduku kufungwa Mzee aliomba suruali. Alipitisha kidole kwenye mshono, polepole, mguu mmoja kisha wa pili. Wa kushoto umepinda karibu na goti, najua. Nilingoja aseme fumua.
Akaikunja, akamrudishia Maman Verena.