Robo Kabla ya Kutoa

Bi Zuhura, mwalimu wangu,

Tangu tukuzike sijapata mtu wa kumlalamikia, basi nakuandikia wewe. Utanisikiliza tu, huna pa kwenda.

Darasa letu la hesabu za ushonaji hapa Likoni bado lipo, nami ndiye ninayelifundisha sasa, lakini mpango wako umetupwa. Bibi mkaguzi alivuka feri akabandika karatasi ukutani: kwanza kujumlisha, kisha kutoa, kisha kuzidisha, nusu na robo mwisho wa mwaka. Nikamwambia wewe ulianza na robo. Akasema hesabu ina ngazi zake, na asiyezifuata atatafutiwa mwengine. Nikaitikia. Wajua kwa nini. Tangu nirudi kwa kaka yangu na talaka yangu, darasa hili ndilo pekee linalonitoa mlangoni kwake.

Wewe hukuwa na ngazi. Siku ya kwanza ulitugawia kitambaa cha marikani tukakipima kwa dhiraa, kiwiko mpaka ncha ya kidole, na kila mmoja akapata kipimo chake. Tuligombana, tukacheka, mpaka wenyewe tukakuomba tepu. Kisha kukunja: nusu, robo, nusu robo. Kujumlisha kulikuja tumeshakata gauni. Nilipokuuliza mbona waanzia katikati, ulinijibu, "Mwanangu, hawa wanaposwa wakati wowote. Panga masomo kana kwamba kesho hawatakuja."

Sasa sikiliza. Mwanaisha, yule wa Mtongwe mwenye mkono mzuri wa sindano, alisimama na kitambaa chake akauliza, "Mwalimu, robo ya kipimo cha kifua naipataje?" Bibi mkaguzi alikuwa amekaa nyuma, kalamu mkononi. Nikamjibu mtoto wa watu, "Hatujafika huko."

Wiki iliyofuata hakuja. Ameposwa, kawekwa ndani. Nilikwenda kumwona. Cherehani aliyonunuliwa na babake imefunikwa kanga, na kile kitambaa chake kakikata gauni kwa kukisia, halimwingii mtu. Alitaka kushonea watu akiwa kwa mumewe, naye awe na chake. Hakunilaumu, alinikaribisha chai. Wallahi, heri angenitukana.

Nje watu wanaimba uhuru asubuhi na jioni. Mimi mbele nina ile karatasi, nyuma nina kaka yangu. Nimechoka, Bi Zuhura. Na nimekukasirikia, maana ulinifunza kupanga masomo, hukunifunza kuyapanga nikiwa nimebanwa hivi.

Jana nilirudi kwa Mwanaisha na kipande cha marikani. Tulikaa kitandani tukakunja, nusu, kisha robo. Akakunjua, akakunja tena peke yake, akakiweka kifuani. Halafu akainuka, akaifunua cherehani.

Sasa siwezi tena kurudi kwenye kutoa. Jumatatu bibi mkaguzi anakuja. Nikifukuzwa, mlango wa kaka utafungwa nami nikiwa ndani, na huko nitakuomboleza vizuri.

Kwaheri, mwalimu wangu. Mola akupanulie kaburi lako, na mimi anipanulie hapa nilipo. Nakuahidi: Jumatatu naanza na robo.

Mwanafunzi wako,
Rukia