Makala ya Ukarimu

Tensta, Machi 1986

Kaka Onyango,

Salamu nitakupa nikipoa, kwa sasa nina hasira nawe.

Theluji bado ipo. Watoto ni wazima, ila hata nikiwakemea wananijibu kwa Kiswidi. Shida ni huyu rafiki yako Wanjohi, uliyempa anwani yangu bila kuniuliza. Alisema anakuja wikendi tu, na mpaka wiki hii soksi zake zilikuwa zinakauka kwenye hita yangu. Nikikaa kwenye taipureta pale mezani jikoni, naye anavuta kiti.

"Dada, kwa vile huendi kazini, si utupikie chai?"

Siendi kazini! Kazi yangu ni hiyo meza ya jikoni, kaka. Nisipoandika, hatuli. Na ni wewe uliyemwambia kwamba nashinda nyumbani bure tangu Ouma aniache na watoto. Ya Ouma tuyaache.

Unajua gazeti liliniagiza niandike nini? Ukarimu wa Kiafrika! Mhariri alichoka kungoja, akasema nisipoileta makala Ijumaa atampa mtu mwingine.

Basi Alhamisi nilimtoa Wanjohi nje pamoja na begi lake, nikafunga mlango, nikaandika mpaka mwisho. Alipiga hodi weee, sikuitika. Makala imetoka nzuri sana. Mhariri ameniambia imemfanya atamani angezaliwa kwetu.

Umesema utakuja Juni. Karibu. Ila piga simu kwanza, uulize kama nina nafasi.

Dada yako,
Jennifer