Hema la Chumba Kimoja

Section 58, Nakuru
Jumapili, 11 Mei

Mpendwa Mama,

Leo nitakueleza yote, hata yale ambayo huenda mama yako, Kogo wangu, amenisitiria. Lakini kwanza, mgongo wako umepata nafuu? Viazi vimeota? Hapa kwa Mama mdogo sote tu wazima, ila mimi naona aibu hata kupita mbele ya kanisa.

Ulijua tunakwenda kambi ya familia za kanisa, kando ya Ziwa Elmenteita. Kwa kuwa mimi ni skauti shuleni, Baba mdogo aliniachia kuchagua hema. Dukani niliona mawili. Moja lilikuwa na vyumba viwili na rundo la vyuma vya kuunganisha. Jingine lilikuwa na chumba kimoja, unalirusha tu linafunguka lenyewe.

"Siste, hili hata mtoto analisimamisha," muuzaji akasema.

Nikachukua hilo. Kambini, wengine wakiwa bado wanavutana na kamba, letu lilikuwa limesimama. Watu wakapiga makofi, nami nikavimba kichwa, Mama.

Kisha Kogo akashuka kutoka gari la akina mama, blanketi begani. Akachungulia ndani, akaona magodoro yamepangana: la Mama mdogo na Baba mdogo, langu, na lake. Akajifunika uso kwa leso.

"Mimi nitaketi hapa nje niote jua," akasema.

Jua lilikuwa limeshatua.

Mama, wajua Kogo akija Nakuru hushinda kwetu lakini hulala mtaa wa Rhonda kwa binamu yake, kwani mama mkwe halali nyumba moja na mkwewe. Nami nalijua hilo tangu utotoni. Ila nilidhani hema si nyumba.

Baba mdogo akainamisha macho, akachukua shuka aende kulala garini. Kogo akakataa. "Nimfukuze mwanamume kwake? Hapana." Akaenda kubanana na wanakwaya. Mmoja wao akanipigia kelele, "Wee skauti! Huko mnafunzwa kufunga kamba tu, vyumba hamhesabu?" Wakacheka wote. Kogo hakucheka. Asubuhi aliondoka na gari la kwanza bila kunishika kichwa na kunibariki kama kawaida yake.

Baba mdogo hajanikaripia, na hilo ndilo linaniuma zaidi. Amesema duka litakubali tubadilishe hema kabla ya Ijumaa. Nimelipangusa matope na kulikunja, ingawa kulikunja ni vita ambavyo muuzaji hakunitajia. Natamani sana Kogo aje nasi tena likizo ya Agosti.

Msalimie Baba, kaka anayekamua ng'ombe, na shangazi wa kibandani.

Sasa, Mama, tafadhali keti na Kogo umwulize, unijibu upesi kabla sijarudi dukani. Lile hema jingine lina kitambaa tu katikati, na mlango wa nje ni mmoja. Je, kwake kitambaa ni ukuta, au tutafute mahema mawili?

Bintiyo,
Chebet