Sauti ya Pili Bila ya Kwanza

Ijumaa. Mvua imekatika lakini ziwa bado lina rangi ya matope.

Naogopa. Niandike tu hivyo.

Kesho dada yangu Joselyne anaolewa, anahamia Kabonga. Familia imeamua nimwimbie wimbo wetu mbele ya wageni. Mimi, ambaye shuleni nilikuwa najibu maswali huku nikiliangalia dawati.

Wimbo wenyewe si wa kwaya. Ni wa bendi ndogo isiyojulikana, watu wanne waliojirekodi nyumbani, roki iliyochanganywa na muziki wa kijijini kwao. Tuliupata kwenye simu nikiwa najiandaa na mtihani wa mwisho. Lugha yao hatuielewi. Kilichotushika kwanza ni mandolini, kile kigitaa kidogo, zile nyuzi zake za jozi jozi zinazolia kama vijiko ndani ya beseni. Kisha wanawake wawili wanaingia, sauti moja inapanda, nyingine inabaki chini na kuishikilia, na hapo mwili wangu husisimka. Kila mara. Tukautungia maneno yetu, tukawa tunauimba tukimenya mihogo. Joselyne sauti ya kwanza, mimi ya pili.

Ya kwanza sijawahi kuiimba.

Na kwetu bibi harusi haimbi. Anakaa ameinamisha macho, hafungui mdomo. Akitabasamu tu, mashangazi watasema ana haraka ya kuondoka.

Mchana nilikwenda kufanya mazoezi kwa tonton Elias, mume wa shangazi, aliyerudi kutoka Tanzania na mandolini yake. Akapiga utangulizi, nikaanza sauti ya kwanza. Mstari mmoja, nikateleza kwenye ya pili. Tukarudia, nikateleza tena. Shangazi akapaza sauti kutoka jikoni:

"Eh, huyu mutoto anaimba nini? Iko kama anaita mbuzi!"

Tonton alicheka mpaka akaiweka mandolini chini. Mimi nilitaka kulia.

Alipotulia akanionyesha kitu. Noti ya mandolini hufa upesi, kwa hiyo akitaka idumu hutetemesha mkono juu ya uzi, haraka haraka, bila kuacha.

"Unaona? Inatetemeka na inaimba. Na wewe tetemeka tu, mama, lakini usinyamaze."

Niliporudi nyumbani Joselyne alikuwa anasukwa nywele, anaimba taratibu sauti ya kwanza. Nikasimama nje ya mlango. Sauti yangu ikaingia yenyewe chini ya yake. Hakugeuka, ila alipunguza mwendo ili nimfikie.

Je, kama hiyo ndiyo mara ya mwisho? Hilo naliogopa kuliko wageni wote.

Nimeamua. Kesho nitaimba ileile ya pili. Shangazi atasema tena habari za mbuzi, wageni watatazamana. Lakini chini ya shela atakuwepo mtu mmoja anayeijua ya kwanza, na ataisikia bila kufungua mdomo.

Mungu wangu, nisinyamaze tu.